Tunatozwa Mara Tatu, Tunahudumiwa Nusu



Lipo neno moja ambalo wakubwa wa nchi hii hulipenda mno kila bei zinapopanda. Neno hilo ni uvumilivu. Unga ukipanda, tunaambiwa tuvumilie. Dawa zikikosekana zahanatini, tunaambiwa tuvumilie. Walimu wakipungua shuleni na mifereji ikikauka mtaani, tunaambiwa kwamba dunia nzima inaumia, kwa hiyo tuvumilie. Nasi, kwa malezi tuliyopewa na wazee wetu na kwa imani yetu, tumevumilia kweli kweli. Tumejifunza kununua mahindi kwa gorogoro badala ya gunia, na mafuta ya kupikia kwa kipimo cha kadogo badala ya chupa, ingawa anayenunua kidogo kidogo ndiye hulipa zaidi kwa kila kijiko. Tumejifunza kushinda na chai ya rangi ili watoto wapate chakula cha jioni. Tumejifunza kuunda kamati ya mchango hata kabla mgonjwa hajapata kitanda wodini.

Twataka kusema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji wetu. Uvumilivu huu umegeuka kuwa ruzuku ambayo raia maskini anaipa serikali yake. Kila tunapolijaza kwa mifuko yetu pengo lililoachwa na Hazina ya Taifa, bila kuuliza pesa zilizotengewa pengo hilo zilikwenda wapi, tunamkinga aliyezichukua.

HESABU YA MALIPO MATATU

Hebu tuifanye hesabu hii polepole, kama wanavyoifanya akina mama sokoni. Mkenya hulipia huduma moja mara tatu.

Malipo ya kwanza ni ushuru. Asiwepo mtu wa kutuambia kwamba maskini halipi ushuru. Anayenunua kipande cha sabuni hulipa VAT ya asilimia 16. Mwaka wa 2023 ushuru huo juu ya mafuta ya petroli uliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na kwa kuwa hakuna kabichi wala mfuko wa unga ufikao sokoni bila kubebwa na gari, kila mlaji aliuhisi, awe na ajira au asiwe nayo. Mwenye mshahara alikatwa na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kuanzia mwaka huo huo, na kuanzia Oktoba 2024 akakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya hazina mpya ya bima ya afya.

Malipo ya pili hutolewa dirishani. Baada ya kulipa ushuru, mwananchi hufika hospitalini akaambiwa anunue kadi, anunue faili, anunue glavu na sindano, kisha aende na karatasi ya daktari hadi duka la dawa lililo nje ya lango kwa sababu stoo ya ndani ni tupu. Mzazi hupeleka mtoto katika shule inayoitwa ya bure, akakutana na orodha ya pesa za mitihani, za dawati, za mlinzi na za masomo ya ziada.

Malipo ya tatu ni harambee. Mgonjwa aliyelipa ushuru na kulipa dirishani akishindwa na bili, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na kanisa lake huchanga. Mchango huo zamani ulizungushwa kwa kapu na daftari, na sasa huzungushwa kwa simu. Wanaochanga ni wale wale waliokwisha kutozwa mara mbili kwa ajili ya familia zao wenyewe. Baada ya malipo hayo matatu, huduma inayopatikana ni nusu.

HAIKUWA HIVI TANGU MWANZO

Wapo vijana wanaodhani kwamba Kenya imekuwa hivi siku zote. Sivyo. Serikali ya uhuru iliapa kupigana na maadui watatu, umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka wa 1965 ilifuta ada ya shilingi 5 iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni katika vituo vya afya vya umma. Mwaka wa 1974 ilifuta karo kwa madarasa manne ya kwanza ya shule za msingi. Hatudai kwamba ahadi hizo zilitimizwa kikamilifu, kwani mkono mmoja ulifuta karo na mkono mwingine ukaleta pesa za majengo. Lakini hata wakati huo kanuni ilikuwa bayana kwamba ushuru wa raia ndio unaomnunulia raia dawa na chaki.

Kanuni hiyo ilivunjwa katika miaka ya 1980. Serikali, ikiwa imebanwa na madeni na na masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilibuni lugha mpya iitwayo kuchangia gharama. Elimu iliingizwa humo mwaka wa 1988, na mwezi wa Desemba 1989 ikawa zamu ya hospitali. Matokeo hayakuchelewa. Katika kliniki ya umma ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti walihesabu wagonjwa kabla ya ada na wakati wa ada, mwaka wa 1990. Wanaume waliofika walipungua hadi takriban asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi takriban asilimia 65. Haya yalitokea wakati ule ule ambao virusi vya UKIMWI vilikuwa vikienea nchini, na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa huvirahisishia njia. Ada zile zilisitishwa Septemba 1990, kisha zikarudishwa kwa awamu kuanzia mwaka wa 1992.

Tuulize swali la kisiasa. Nani aliulizwa kabla ya ada hizo kutozwa? Bunge lililokuwapo lilikuwa la chama kimoja, lililotokana na uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, ambapo mpiga kura alipangwa foleni nyuma ya mgombea huku chifu akimtazama. Mbunge aliyeingia kwa mlolongo hakuwa na haja ya kumwogopa mgonjwa. Ndiyo sababu tunakataa kabisa usemi kwamba madai ya vyama vingi yalikuwa mchezo wa wanasheria na maaskofu wasiojua bei ya sukuma wiki. Mwezi wa Mei 1990 vibanda vya Muoroto vilibomolewa jijini. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Julai, watu walielekea Kamukunji, na miongoni mwao walikuwamo wachuuzi, manamba wa matatu na vijana wasio na kazi. Watu hao walielewa, pengine kuliko wasomi, kwamba kifungu cha 2A na bei ya unga vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991. Mwaka wa 1993 bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 46, na wafuasi wa utawala wakatembea nchi nzima wakisema kwamba vyama vingi ndivyo vilivyoleta njaa. Uongo huo bado una watoto na wajukuu, kwa hiyo inafaa tuujibu kwa ushahidi.

Kati ya mwaka 1990 na 1993 kampuni ya Goldenberg International ililipwa fidia ya asilimia 35 kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi ambayo haikuwa na almasi ya kuuza na ambayo dhahabu yake ilikuwa haba. Mabilioni ya shilingi yalitoka Benki Kuu kwa njia hiyo na kwa njia nyingine zilizofungamana nayo. Wakati wa uchaguzi wa Desemba 1992 pesa zilimwagwa mitaani kwa wingi mno hata noti ya shilingi 500 ikapachikwa jina la mwanasiasa wa kampeni ile, "Jirongo". Pesa zikiongezeka bila bidhaa kuongezeka, thamani ya kila noti hupungua. Dola moja iliyonunuliwa kwa wastani wa shilingi 32 mwaka wa 1992 ilihitaji wastani wa shilingi 58 mwaka wa 1993. Dawa, mafuta na mbolea hununuliwa kwa dola. Hivyo ndivyo wizi wa ghorofani ulivyoshuka ngazi hadi ukafika katika sufuria ya mtu ambaye hajawahi kuiona dhahabu.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Bei nazo hazielei zenyewe. Mvua ina sehemu yake, na vita vya mbali vina sehemu yake, hatukatai. Lakini zipo bei zilizoundwa ofisini, kwa saini, na watu wenye majina. Aliyepoteza kazi kwa sababu ya Goldenberg ni karani wa Benki Kuu, David Munyakei, aliyetoa nyaraka za kuifichua. Wakubwa waliotajwa mbele ya tume iliyoongozwa na Jaji Bosire hawakuingia gerezani.

KATIBA INASEMAJE?

Mageuzi hayakuwa bure, na ni dhambi kuyadharau. Mwaka wa 2003, karo ya shule za msingi ilipofutwa, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Watoto hao zaidi ya milioni hawakuzaliwa mwaka huo. Walikuwako nyumbani muda wote, wamezuiwa na ada. Mwaka wa 2013 ada za zahanati na vituo vya afya zikafutwa, na huduma za uzazi katika hospitali za umma zikatangazwa kuwa bure. Lakini kufuta ada kwa tangazo bila kutuma pesa ni kupaka chokaa ukuta wenye ufa. Pesa za serikali zikichelewa, mwalimu mkuu na msimamizi wa hospitali huirudisha ada kwa jina jingine.

Katiba ya mwaka 2010 ilituachia silaha ambazo wengi wetu bado hatujazichomoa alani. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, chakula, maji safi na elimu, na kinasema kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 210 kinakataza kutozwa ushuru wowote bila sheria kuruhusu. Kifungu cha 226 kinasema kwamba afisa wa umma anayeidhinisha matumizi ya pesa kinyume cha sheria atawajibika kuifidia hasara hiyo, hata kama ameondoka ofisini.

Tunawaomba wasomaji wakishike hasa kifungu cha 20, ibara ndogo ya 5. Serikali ikidai kwamba haina uwezo wa kutimiza haki za kifungu cha 43, ni juu yake kuthibitisha kwamba rasilimali hazipo. Mzigo wa ushahidi umewekwa mabegani mwa serikali. Waziri akisema "hakuna pesa", hajamaliza mjadala. Ndipo kwanza ameufungua, naye anatakiwa alete vitabu vya hesabu mezani.

Kwamba vifungu hivi si mapambo kumekwisha kuonekana mahakamani. Kwa miaka mingi hospitali zetu ziliwashikilia akina mama waliojifungua na kushindwa kulipa, kana kwamba mtoto mchanga ni rehani. Mwaka wa 2015, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia hivyo ni kuvunja haki zao za kikatiba.

Basi tukilishika swali hilo la vitabu, tunaona nini? Mwaka wa 2024 madaktari wa umma waligoma kwa siku 56, wakidai makubaliano ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeyatia saini. Kabla yao, kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, waligoma siku 100. Tukaambiwa hakuna pesa. Mwaka wa 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti kwamba mfumo wa kompyuta wa bima mpya ya afya, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, haukuwa mali ya serikali. Kwa hiyo pesa za mtambo zilipatikana, ilhali za madaktari zilikosekana. Deni la taifa nalo lilivuka shilingi trilioni 10 mwaka wa 2023. Tunalipa riba ya mikopo kila mwezi, na haki yetu ya kwanza kama wadeni ni kuonyeshwa kila kilichonunuliwa kwa mikopo hiyo.

Vijana waliofurika barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha walikuwa wakiuliza swali hilo hilo. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka wa Saba Saba. Mswada huo uliondolewa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya damu kumwagika karibu na Bunge, na makumi ya familia zikazika watoto wao. Asiwepo wa kusema kwamba walikufa kwa ajili ya bei ya mkate. Walikufa wakidai kuheshimiwa na wanaowatoza.

KANISA NA BAHASHA

Sasa tunawageukia ndugu zetu wa makanisa, ambao bila wao mageuzi ya nchi hii yasingefika popote. Mimbari zilisema wakati magazeti yalipoogopa. Ndiyo sababu tunathubutu kuwaambia ukweli.

Kumbukeni kisa cha Rehoboamu mwana wa Sulemani. Watu walikusanyika Shekemu wakamwomba awapunguzie nira aliyowatwika baba yake. Wazee walimshauri awasikilize. Yeye akafuata ushauri wa vijana waliolelewa naye katika jumba la kifalme, akaahidi nira nzito zaidi, na makabila kumi yakaondoka siku hiyo. Tuangalie jambo moja katika kisa hicho. Watu hawakwenda Shekemu kuomba sadaka ya mfalme. Walikwenda kuomba mzigo upunguzwe.

Kwetu mambo yamepinduka. Mkubwa huongeza mzigo siku ya Jumanne katika kamati ya Bunge, kisha huja kanisani siku ya Jumapili na bahasha, akashangiliwa kwa vigelegele. Pesa zinazojenga nyumba ya padri au kununua vinanda vya kwaya zinaweza kuwa ndizo zilizokosekana katika stoo ya dawa ya kaunti. Anayepokea bahasha hupokea na kimya kilichomo ndani yake. Tunalipongeza Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, ambalo Novemba 2024 lilikataa mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na kuahidiwa na Rais katika parokia moja ya jiji. Tungependa kuona mfano huo ukiigwa na kila dhehebu, kutoka kanisa kuu hadi kanisa la mabati.

Tutaulizwa: je, mnataka harambee ife? Harambee ni urithi wetu, na mgonjwa hawezi kungoja kesi iishe! Tunajibu kwamba mgonjwa atachangiwa leo, na maswali yataandikwa leo hii hii. Harambee ya miaka ya 1960 ilijenga shule mahali ambapo hapakuwa na shule. Leo tunachanga ili kununua upya kile tulichokwisha kukinunua, na harambee ya namna hiyo isiyoandamana na swali humwalika mwizi arudi mwaka ujao.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo manne, yote ya amani na yote ya kisheria.

Kwanza, kila kamati ya mchango wa matibabu au ya madawati iandike, pamoja na orodha ya wachangaji, barua moja kwa ofisi iliyopaswa kutoa huduma hiyo. Barua iulize ni kiasi gani kilitengwa, ni kiasi gani kilipokewa, na kilitumiwa vipi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki hiyo. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, inadai lijibiwe katika siku 21, na katika saa 48 iwapo uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Ofisi ikinyamaza, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Pili, tusilipe ada yoyote ya umma bila kuuliza ni sheria gani inayoiruhusu na bila kudai risiti rasmi. Pesa isiyo na risiti haina mwenyewe.

Tatu, tukumbuke kwamba tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti. Makadirio ya bajeti hujadiliwa kabla ya mwezi wa Julai, na umma una haki ya kusikizwa. Kamati za haki na amani za makanisa na vikundi vya akina mama viende kwenye vikao hivyo vikiwa vimesoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti yao. Anayefika bila tarakimu hupewa soda na kurudishwa nyumbani.

Nne, madhabahu zifungwe kwa bahasha za wanasiasa. Mwanasiasa akaribishwe kuabudu kama mwenye dhambi mwingine yeyote, na akitaka kusema, awaeleze waumini hesabu za ofisi yake.

Wananchi wenzetu, wanaotutawala hawaogopi manung'uniko yetu juu ya bei. Manung'uniko wameyazoea, na majibu yake wanayo: mvua, vita, dola, na uvumilivu. Wanachokiogopa ni raia mwenye risiti mkononi na kifungu cha sheria kinywani, anayerudi wiki baada ya wiki hadi ajibiwe. Barua za kwanza na ziandikwe juma hili, na nakala zake zisomwe kanisani pale pale ambapo orodha ya michango husomwa.